Ruzuku za serikali za mitaa Busia na Tororo: Fedha hupitia wapi, na nani huachwa mpakani

Mji wa Busia una jina moja na serikali mbili. Upande wa mashariki ni makao makuu ya Kaunti ya Busia nchini Kenya. Upande wa magharibi ni Wilaya ya Busia nchini Uganda, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Tororo mwaka 1997. Kaskazini kidogo, Malaba nayo imegawanyika vivyo hivyo: Malaba ya Kenya iko chini ya Kaunti ya Busia, ya Uganda iko chini ya Tororo. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mstari huo, na mama anayeuza nyanya upande mmoja huenda akawa na shamba, dada na deni upande wa pili.

Katika eneo hili, swali la nani anapata fedha za umma za kukuza biashara ndogo huulizwa kila mwaka wa bajeti. Mashirika yasiyolenga faida, vikundi vya akina mama, vyama vya ushirika na vijana wa bodaboda (neno ambalo lenyewe inasemekana lilizaliwa kwenye mpaka huu, enzi za baiskeli zilizobeba wasafiri kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine) wote hutajwa katika hotuba za uzinduzi. Mtu akifuatilia shilingi yenyewe, hata hivyo, huona kwamba ni fedha chache sana zinazotoka katika hazina ya serikali ya mtaa na kuingia moja kwa moja katika akaunti ya shirika lisilo la kiserikali. Nyingi hupelekwa kwa vikundi na Sacco, nyingi ni mikopo wala si ruzuku, na nyingi zimepangwa katika mji mkuu kabla ya kuteremshwa mpakani.

Kenya: kaunti, eneobunge na mkanganyiko wa mifuko

Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, na Jedwali lake la Nne likazikabidhi kaunti hizo maendeleo ya biashara, masoko, leseni na vyama vya ushirika. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, katika kifungu cha 116, inamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha mfuko wa umma kwa idhini ya baraza la mawaziri wa kaunti na bunge la kaunti. Kwa njia hiyo kaunti nyingi zimeanzisha mifuko ya biashara, ushirika au kilimo. Kanuni za mwaka 2015 zinaweka kikomo: gharama za kuendesha mfuko wa kaunti zisizidi asilimia 3 ya bajeti yake iliyoidhinishwa. Kanuni hii haitajwi sana hadharani, lakini ndiyo inayomwezesha mwananchi kuuliza kwa nini mfuko umetumia fedha nyingi kwa posho za vikao kuliko kwa vikundi.

Mjini Busia mkanganyiko huanzia hapo, kwa sababu fedha ambazo wakazi huziona zaidi si za kaunti. Mfuko wa Vijana ulianzishwa mwaka 2006, wa Wanawake mwaka 2007, na Mfuko wa Uwezo ukazinduliwa mwaka 2013. Yote ni ya serikali ya kitaifa. Uwezo hutoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kuanzia shilingi 50,000 hadi 500,000, kwa ada ya mara moja ya asilimia 3 na muda wa miezi sita kabla ya kuanza kulipa. Ofisi zake ziko katika ngazi ya eneobunge. Mfuko wa serikali ya kitaifa wa makundi yaliyotengwa, unaojulikana kama NGAAF, ulioanza mwaka 2015, hutoa ruzuku kwa vikundi, lakini unahusishwa na ofisi ya mwakilishi wa wanawake bungeni, si ya gavana. Kisha kuna mfuko wa maendeleo wa eneobunge, ambao sheria yake Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba inakinzana na katiba na kuupa muda hadi tarehe 30 Juni 2026.

Matokeo yake ni kwamba kikundi cha Nambale au Butula kinachokataliwa na ofisi moja hudhani kimekataliwa na serikali nzima, ilhali ofisi ya pili, hatua mia mbili kutoka hapo, inafuata sheria tofauti kabisa.

Fedha zenye sura halisi ya ruzuku zimekuja zaidi kupitia miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia na kutekelezwa na kaunti. Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti 24 za mradi wa kilimo kinachostahimili mabadiliko ya tabianchi ulioidhinishwa mwaka 2017. Mradi huo ulifadhili vikundi vya wakulima wenye nia moja na vile vya watu walio katika mazingira magumu, kwa masharti kwamba kikundi kiandike mpango, kichangie sehemu yake na kihifadhi kumbukumbu. Mpango mwingine wa fedha za tabianchi, ulioidhinishwa mwaka 2021, unazitaka kaunti kuwa na kamati za kupanga katika kila wadi. Kaunti ya Busia ina wadi 35, na kamati hizo ni mojawapo ya nafasi chache ambapo shirika dogo la kijamii linaweza kukaa meza moja na maafisa wa kaunti kabla orodha ya miradi haijafungwa.

Uganda: kutoka ruzuku ya kikundi hadi Sacco ya parishi

Ng'ambo ya pili mfumo ni mwingine. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inaipa wilaya mamlaka mengi kwenye karatasi, lakini mapato ya ndani ni madogo mno. Kodi ya kichwa iliyokuwa ikikusanywa na wilaya ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo Tororo na Busia, kama wilaya nyingine, zimetegemea fedha zinazoteremshwa kutoka Kampala, zikiwa zimekwisha kupewa masharti ya matumizi. Wilaya isiyokuwa na fedha zake haiwezi kutoa ruzuku kwa shirika kwa hiari yake, hata ikiridhika na kazi ya shirika hilo.

Kwa miaka kadhaa kulikuwa na utaratibu wa maendeleo yanayoongozwa na jamii, ambapo kikundi kiliandika pendekezo, kaunti ndogo ikalipitisha, na fedha zikaingia katika akaunti ya kikundi kama ruzuku isiyorejeshwa. Ruzuku maalumu kwa watu wenye ulemavu, iliyoanza mwaka wa fedha wa 2009/10, ilifuata mtindo huo. Baadaye mwelekeo ukageuka. Mpango wa vijana ulioanza mwaka wa fedha wa 2013/14 ulivipa vikundi vya watu 10 hadi 15 wenye umri wa miaka 18 hadi 30 mkopo wa kuzunguka, usio na riba ukilipwa ndani ya mwaka mmoja na wenye asilimia 5 baada ya hapo. Ule wa wanawake, ulioanza mwaka wa fedha wa 2015/16, ulinakili masharti hayo. Urejeshaji ukawa mgumu. Wengi walizichukua fedha hizo kama zawadi ya kisiasa, na si jambo la kushangaza, kwani zilitangazwa jukwaani na wanasiasa.

Agosti 2019 ukaja mpango wa rais wa Emyooga, unaopanga watu kwa kazi zao: wachuuzi wa sokoni, mafundi seremala, washonaji, waendesha bodaboda, wenye migahawa, wavuvi na wengineo, kila kazi na Sacco yake katika eneobunge. Tarehe 26 Februari 2022, Rais Yoweri Museveni alizindua Mpango wa Maendeleo ya Parishi, PDM, katika wilaya ya Kibuku, ambayo haiko mbali na Tororo. Parishi ni ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji na chini ya kaunti ndogo, na Uganda ina zaidi ya parishi 10,000. Kila moja imeahidiwa shilingi milioni 100 za Uganda kwa mwaka, kupitia Sacco yake. Kaya moja hukopeshwa hadi shilingi milioni moja, ambazo kwa viwango vya ubadilishaji vya miaka ya karibuni ni kati ya shilingi 30,000 na 40,000 za Kenya, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka.

PDM imebadilisha hesabu yote ya mashirika yanayofanya kazi Tororo. Mlengwa ni kaya inayozalisha kwa ajili ya kula tu, na kikundi ni ngazi ya kupandia kuelekea Sacco. Shirika lisilo la kiserikali halimo katika mkondo wa fedha hata kidogo. Nafasi yake, kama ipo, ni kufundisha utunzaji wa vitabu, ufugaji au namna ya kuchagua mradi, na kazi hiyo wilaya inaikaribisha bila kuilipia.

Mashirika: kibali kwanza, fedha baadaye

Kwa sheria, pande zote mbili zimekaza usajili. Nchini Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, zaidi ya miaka kumi na moja baada ya kutiwa saini. Vikundi vidogo vya kijamii vina sheria yao ya mwaka 2022, inayovitaka kusajiliwa kupitia ofisi za maendeleo ya jamii. Nchini Uganda, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016 inalitaka shirika kupata pendekezo la kamati ya wilaya na kutia saini makubaliano na serikali ya mtaa kabla ya kufanya kazi katika eneo husika. Mashirika ya kijamii ya ngazi ya chini husajiliwa wilayani.

Kwa hiyo afisa maendeleo ya jamii, mtu ambaye mara nyingi hana gari wala mafuta ya pikipiki, ndiye mlinzi wa lango katika nchi zote mbili. Ni yeye anayekagua kama kikundi kipo kweli au kimeundwa wiki iliyopita kwa sababu ya tangazo la redio.

Uhusiano huo ulipata mtikisiko mwaka 2025. Serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje mwezi Januari, na shirika la USAID likaacha kutekeleza miradi ya misaada ifikapo tarehe 1 Julai. Mashirika ya Kenya na Uganda yaliyozoea kupokea fedha kutoka nje na kuzipeleka vijijini yalijikuta yakitazama kwa mara ya kwanza bajeti za kaunti na wilaya kama chanzo. Bajeti hizo hazikuwa zimetayarishwa kwa kazi hiyo. Sheria ya ununuzi wa umma inaweza kuliruhusu shirika kushindania zabuni ya mafunzo, lakini zabuni ni mkataba wa huduma wenye masharti ya kampuni, na shirika linaloishi kwa michango haliwezi kwa urahisi kutoa dhamana ya benki au kusubiri malipo kwa miezi.

Busia kama maabara

Kuna jambo ambalo wakazi wa Busia ya Kenya hawalijui sana: eneo lao ni mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa kwa kina zaidi duniani na wanauchumi wa maendeleo. Michael Kremer, aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alifanya hapo majaribio yake ya mwanzo shuleni. Baadhi ya tafiti zilizofuata zinahusu moja kwa moja ruzuku kwa vikundi, na majibu yake si yale wafadhili waliyotarajia.

Mary Kay Gugerty na Kremer walichapisha mwaka 2008 utafiti kuhusu vikundi vya wanawake vijijini katika wilaya za wakati huo za Busia na Teso. Vikundi vilichaguliwa kwa kura: vingine vilipata pembejeo za kilimo na mafunzo, vingine vikasubiri. Nia ilikuwa kuviimarisha. Kilichotokea ni kwamba fedha zilivutia watu wapya. Wanawake wenye umri mdogo, elimu zaidi na kipato kutoka kazi rasmi walijiunga. Nafasi za uongozi zikahamia kwa walioelimika zaidi na, katika baadhi ya nafasi, kwa wanaume. Na wanawake wazee waliokuwa nguzo ya vikundi wakaanza kuondoka. Kikundi kilibaki na jina lile lile na muhuri ule ule, lakini hakikuwa tena cha waliokianzisha. Mtu yeyote aliyewahi kuona kikundi cha kusaidiana katika mazishi kikigeuzwa "mradi" kwa haraka atakitambua kisa hiki.

Utafiti wa pili unatoka Bumala, mji wa soko kwenye barabara inayoingia Busia. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia wachuuzi wa sokoni na waendesha bodaboda za baiskeli akaunti za kuweka akiba zisizolipa riba na zenye ada kubwa ya kutoa fedha. Hakuna ruzuku wala mkopo uliotolewa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba wanawake wengi wa sokoni walizitumia akaunti hizo, wakaweka akiba zaidi na kuongeza mtaji katika biashara zao. Kwa wanaume wa baiskeli hakukuonekana mabadiliko. Kwa hiyo, kabla ya kaunti kubuni mfuko mpya, ingefaa kujua kama tatizo la mchuuzi ni ukosefu wa fedha au ukosefu wa mahali salama pa kuzificha mbali na mahitaji ya kila jioni.

Upande wa Uganda, ushahidi mzito zaidi unatoka kaskazini mwa nchi. Katika mpango wa serikali wa nafasi za vijana, vikundi viliandika mapendekezo kwa msaada wa wawezeshaji wa mtaa, na vilivyoshinda kura vikapewa fedha taslimu za mafunzo ya ufundi na vifaa, bila usimamizi wa karibu baadaye. Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waligundua kwamba baada ya miaka minne mali za biashara za waliopata zilizidi za wenzao kwa asilimia 57 na mapato kwa asilimia 38. Baada ya miaka tisa, hata hivyo, waliokosa walikuwa wamewafikia kwa kipato, ingawa waliopata waliendelea kuwa na mali zaidi na kazi za ufundi zaidi. Ruzuku iliwasogeza mbele mapema, jambo ambalo kwa kijana wa miaka 22 mwenye mtoto si dogo.

Tafiti hizi tatu hazikubaliani, na hazipaswi kulazimishwa kukubaliana. Ile ya kaskazini ilihusu vikundi ambavyo baadhi yake viliundwa kwa ajili ya fedha. Ya Busia ilihusu vikundi vilivyokuwapo kabla ya fedha. Tofauti hiyo pekee inatosha kumfanya afisa wa kaunti afikiri mara mbili anapotaka kutumia "vikundi vilivyopo" kama njia rahisi ya kugawa ruzuku.

Anayevuka kila siku

Mipango yote iliyotajwa ina sharti moja la pamoja: makazi. PDM inataka kaya iliyomo katika parishi. Mfuko wa Uwezo unataka kikundi cha eneobunge. Lakini biashara ya Busia na Malaba haina makazi ya namna hiyo. Mahindi, maharagwe, mayai na ndizi hutoka Uganda. Sabuni, mafuta ya kupikia na bidhaa za viwandani hutoka Kenya. Na wanaozibeba, wengi wao wanawake, huvuka mara kadhaa kwa siku.

Serikali zimejenga mengi kwa ajili ya biashara hiyo. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Museveni na Rais Uhuru Kenyatta. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wa biashara uliorahisishwa, ambapo shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa ni ya bidhaa zilizoorodheshwa, huvushwa bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapo hapo mpakani. Mashirika kama EASSI, lenye makao yake Kampala, yametumia miaka kuwaeleza wanawake utaratibu huo na kuwasaidia kujipanga katika ushirika. Kwa njia za panya, kila kirundo cha bidhaa hulipiwa kwa hofu, na mara nyingine kwa udhalilishaji.

Machi 2020 Uganda ilipofunga mipaka kwa wasafiri kwa sababu ya korona na kuruhusu mizigo ya malori pekee, mchuuzi wa miguu alitoweka ghafla katika takwimu na katika barabara. Wengi walikula mtaji wao. Mipango ya kufufua biashara ilipokuja, ilikuja kitaifa: ya Kenya kwa Wakenya, ya Uganda kwa Waganda. Ushirika wenye wanachama wa pande zote mbili ungelazimika kujigawa ili kuomba fedha, jambo linaloua sababu yenyewe ya kuwapo kwake. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, linaruhusu watu, bidhaa na mitaji kuvuka, lakini halikuunda mfuko wowote ambao kaunti na wilaya jirani zinaweza kuchangia kwa pamoja.

Kinachotakiwa kwa mwombaji

Kwa kikundi kinachotaka kuomba, nyaraka zinafanana pande zote mbili: cheti cha usajili kilicho hai, katiba ya kikundi, kumbukumbu za mikutano zenye saini, orodha ya wanachama na vitambulisho vyao vya taifa, akaunti yenye waweka saini wasiopungua watatu, na mpango wa biashara unaoeleza soko, si wazo tu. Kumbukumbu za mikutano ndizo huangusha wengi. Kitabu kilichoandikwa chote kwa kalamu moja na kwa siku moja hutambulika haraka.

Wakati ni muhimu kama nyaraka. Nchi zote mbili huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, na maamuzi hufanywa miezi mingi kabla. Nchini Kenya, waraka wa sera ya bajeti ya kaunti huwasilishwa bungeni kufikia mwisho wa Februari, na makadirio kufikia mwisho wa Aprili. Vikao vya ushiriki wa umma hufanyika katikati. Nchini Uganda, mkutano wa bajeti wa wilaya hufanyika katika robo ya mwisho ya mwaka wa kalenda. Kikundi kinachofika Mei na barua ya maombi kimefika baada ya mlango kufungwa.

Wanaodaiwa "chai" ili jina lao lipite wana pa kwenda. Kenya, malalamiko hupelekwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi au kwa kamati ya hesabu za umma ya bunge la kaunti, ambayo hupokea ripoti za Mkaguzi Mkuu. Uganda, hupelekwa kwa Inspekta Mkuu wa Serikali, kwa afisa mtawala mkuu wa wilaya au kwa mwakilishi wa rais wilayani. Ni vyema malalamiko yaandikwe na nakala ibaki kikundini, ikiwa na tarehe na muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa maafisa huhamishwa na faili huhama nao.